Majivu ya Magunzi

Fausta alimimina kopo la mtama kwenye sinia jeupe, akausawazisha kwa kiganja kama walivyoelekezwa, akarudi nyuma ya mstari wa chokaa. Herman alilisukuma sinia ndani ya kisanduku cha kupimia. Kifuniko kikajifunga, mwanga mkali ukapenya kwenye nyufa, na kamera iliyokuwa ndani ikapiga picha. Watu wa Rudewa walikiita Jicho. Foleni ya wakulima ilinyoosha shingo, kama ilivyofanya kwa kila mmoja.

Taa nyekundu ikawaka.

"Ukungu," Herman alisema, akisoma kwenye kishkwambi chake. "Asilimia thelathini na nne. Mwingine."

"Ukungu gani?"

"Mama, tuna foleni."

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita hivi, mtumishi wa kampuni iliyonunua mtama kwa ajili ya kiwanda cha bia. Asubuhi ile alikuwa amemwamkia Fausta shikamoo bila kuinua macho.

"Huo si ukungu, mwanangu. Ni majivu. Majivu ya magunzi." Fausta alichota punje chache kutoka kwenye gunia lake, akazitafuna. Zikalia kwenye meno. "Unasikia? Mtama wenye ukungu haulii hivi. Halafu unanuka. Nusa basi."

"Mashine hainusi."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka.

Ununuzi ulikuwa umetangazwa kufanyika mwezi wa sita. Gari na mashine vilifika mwishoni mwa mwezi wa tisa. Mkataba ulikataza dawa ya dukani ghalani, na kwa miezi mitatu na ushee fukusi wangemaliza kila kitu. Kwa hiyo Fausta alifanya alichofanya mama yake: alichoma magunzi ya mahindi, akachekecha majivu, akayachanganya na mtama mpaka kila punje ikavaa kijivu. Kabla ya kuuleta aliupeta kwa ungo siku nzima. Majivu mengi yaliondoka. Rangi yake haikuondoka.

Herman alitazama kiganja cha Fausta, akateremsha sauti. "Najua ni majivu. Ila mashine imefundishwa kwa picha, na picha zenyewe ni za mtama wa huko ilikotengenezwa. Huko hawaweki majivu. Rangi hii kwake ni ukungu."

"Basi ifundishe."

"Mimi sina ruhusa hiyo."

"Mpigie mwenye ruhusa."

Herman alisita, kisha akapiga simu Mikumi, kwenye ofisi ya kanda. Sauti ya Bi Hildegarda, meneja wao, ilitoka kwenye spika, wote wakaisikia.

"Mfumo umesemaje?"

"Umesema ukungu, madam. Lakini kwa macho—"

"Herman. Mashine tuliinunua ili tusisikie tena habari za macho. Macho ya waliokutangulia yalikuwa yakihongwa kuku. Mkulima ana nafasi ya pili, imo kwenye mkataba. Mwambie aitumie."

Simu ikakatika.

Nafasi ya pili ilikuwa pia ya mwisho. Aliyekataliwa mara mbili katika msimu mmoja alirudisha kwa kampuni kitalu alichokuwa akilima. Wakati wa kupanda walikuwa wamekubali hivyo kwa nyuso zao: kila mkulima alisimama mbele ya kamera ya kishkwambi, ikamsajili, mkataba ukaanza. Kitalu cha Fausta kilikuwa namba arobaini na moja, ekari mbili za lililokuwa shamba la mkonge. Mume wake, Beda, alikata mkonge hapo mpaka shamba lilipobinafsishwa na wakataji wakarudishwa makwao. Vilipoanza kugawiwa vitalu, Beda alichukua hicho na kung'oa visiki kwa sururu misimu miwili. Msimu wa tatu hakuufikia. Fausta hakuwa na shamba jingine.

Alikuwa na magunia matano. Alichukua moja akaenda nalo mtoni, yeye na jirani yake Filomena, wakaliosha kwa vikapu mpaka maji yakaacha kuwa ya kijivu. Likikubaliwa, angeyaosha na yale manne. Wakauanika mtama kwenye turubai. Siku ile mawingu yakafunga, na kesho yake vilevile. Siku ya tatu Filomena aliinama, akaokota punje moja.

"Mama Ditram, huu unaota."

Kweli, ncha nyeupe zilikuwa zimechungulia, ndogo kama sindano. Fausta aliziangalia kwa furaha. Alikuwa amepika pombe za vipaimara na za mavuno tangu usichana, na alijua mtama mfu hauoti.

"Uache uote. Hao si wanapika pombe? Pombe inaanzia kwenye kimea. Wakiona uhai huu watasema kuna ukungu? Tena tumewapunguzia kazi."

Filomena aliirudisha punje kwenye turubai. "Hapo umenena," akasema.

Kwenye kituo Fausta alijaza sinia mwenyewe, akalisawazisha taratibu zaidi ya mara ya kwanza. Kifuniko kikajifunga. Taa nyekundu ikawaka.

"Umeota," Herman alisema.

"Ndiyo, umeota! Sasa kiwandani mnapikaje bila kuotesha?"

"Wanaotesha wenyewe, mama. Wote kwa pamoja, kwa siku zao. Huu ukifika umeshaota ni uchafu tu."

Fausta alilivuta sinia upande wake. "Si ungeniambia."

"Uliniuliza?"

"Majuzi umeoza, leo umezidi uhai," mtu alisema kwenye foleni. "Jicho hili lina mambo." Safari hii wengi walicheka, hata waliokuwa bado hawajapimwa.

Makarius, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alikuja, akamshika Fausta bega. Alikuwa na kitalu kama wengine. Alikuwa pia na mashine ya kupepetea, yenye feni na brashi, peke yake katika kata nzima, na hakuikodisha.

"Pole sana, Mama Ditram. Mkataba umekwisha, na hayo manne yaliyobaki nyumbani utayapeleka wapi? Niachie mimi. Nitakutafutia mfuga kuku wa kuyanunua."

Alitaja bei. Ilikuwa ya kuku kweli. Fausta alimwachia.

Kesho yake aliitwa kituoni kuufunga rasmi mkataba uliokwisha. Alikuta magunia ya Makarius yamepangwa mbele ya Jicho, na kati yake manne yalikuwa na viraka vilivyoshonwa kwa uzi wa katani, mshono wa msalaba, kama Beda alivyomfundisha. Moja lilikuwa limefunguliwa. Mtama wa Fausta ulikuwa ndani, mweupe, umesuguliwa mpaka unang'aa.

Taa ya kijani ikawaka.

"Makarius," Herman alisoma. "Daraja la kwanza."

"Huo ni mtama wangu," Fausta alisema.

"Ulikuwa wako," Makarius alijibu. "Hili ni soko huria, Mama Ditram. Uliuza, nikanunua. Nani alikushika mkono?"

"Ulinunua ukungu?"

"Nilinunua cha kuku. Nikakisafisha. Hata wewe hukukatazwa kusafisha, ila wewe ulikwenda kupika pombe." Aliwageukia waliokuwa karibu, na wachache wakamchekea.

Fausta alimpa mgongo. Alimtazama Herman. "Wewe unaujua mtama huu. Uliuona kiganjani mwangu."

Herman alikuwa akifuta sinia kwa kitambaa. "Mashine haiulizi umetoka kwa nani."

"Nakuuliza wewe."

Aliendelea kufuta sinia lililokwisha takata. Kisha akainua kishkwambi, akabofya mara mbili. "Kitalu arobaini na moja anapewa mkulima wa daraja la kwanza anayepakana nacho," alisema, kama mtu anayesoma jambo lililoandikwa na wengine. Na kweli lilikuwa limeandikwa na wengine. Aliyepakana na arobaini na moja alikuwa Makarius. "Nahitaji uso wako, mama, ili mkataba ufungwe. Simama pale kwenye chokaa."

"Nisiposimama?"

"Utafungwa hivyohivyo. Ila hutalipwa gunia la mbegu uliloweka dhamana ulipojisajili."

Nje, vibarua walikuwa wameanza kupakia gari la Mikumi. Gunia la kwanza lenye mshono wa msalaba lilipita mlangoni begani mwa mtu. Fausta alilifuata kwa macho mpaka likatupwa juu ya mengine. Kisha akaenda kusimama kwenye chokaa. Alfajiri alikuwa amezoa majivu jikoni, na yalikuwa bado kwenye paji la uso na mashavuni.

"Futa uso kidogo," Herman alisema. "Una majivu. Huenda isikutambue."

Hakufuta. Alisimama wima, mikono chini, akaitazama kamera ya kishkwambi.

Taa yake ya kijani ikawaka kabla hajapepesa.

"Imekubali," Herman alisema. "Mwingine."