Sanduku la Chuma la Anaclet

Emérence alitua cherehani yake mbele ya karakana ya Modeste, akatoa kata kichwani, akageuza uso upande wa barabara. Hakutaka kuona mashine ikipokelewa kuwa malipo.

Mume wake, Anaclet, alikuwa ndani anatazama masanduku ya chuma. Chini ya koti alibeba kipimo, tete lililokatwa sawasawa na urefu wa bunduki. Bunduki yenyewe hangethubutu kuipitisha mitaa ya Kadutu mchana, ingawa ruhusa yake ilikuwa na muhuri tangu enzi za baba yake.

"Hii ni bati la pipa," Modeste alisema, akaligonga sanduku la kwanza kwa ngumi. "Mwizi ataifungua na kijiko. Hii ya katikati iko na nguvu kidogo, lakini kadena, kufuli yake, iko inje. Mutu akiona kadena, anajua kuko kitu. Sasa hii, papa, ni chuma cha daraja. Kufuli iko ndani, bawaba ziko ndani. Hata miye mwenyewe, ukipoteza ufunguo, sijui nitaifungua namna gani."

"Askari akiigonga?"

"Askari gani? Mwenye kukulinda ao mwenye kukuibia?"

Modeste alicheka. Anaclet hakucheka. Aliingiza tete ndani ya kila sanduku, na katika yote matatu lilienea.

Amri ya bunduki ilikuwa imesomwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa, watu wote wakiwa wameshika majembe na fagio. Kila mwenye bunduki ya kuwinda awe na kofre ya chuma iliyoshikana na ukuta wa nyumba. Asiyekuwa nayo, bunduki itachukuliwa na mwenyewe ataifuata. Lucien, jirani yao, aliona heri apeleke yake kwa hiari. Aliulizwa nyingine ameificha wapi. Hadi leo alikuwa bado kambini, anaulizwa.

Na kuitupa bunduki, Anaclet hangeweza. Shamba lao liko Mumosho, la mihogo na mahindi, na nguruwe wa porini hupanda kutoka mto Ruzizi mazao yakikomaa. Mwaka baba yake alipougua na bunduki ikalala, nyumba nzima ilikula majani. Kwa hiyo alikaa nayo, na woga ukakaa naye.

"Chukua ile ya nguvu," Emérence alisema bila kugeuka. "Nisitoe mashine yangu kwa kitu cha kufunguliwa na kijiko."

Sanduku la chuma cha daraja lilipakiwa kwenye mkokoteni. Emérence alifungua kitenge chake cha juu, akalifunika lote ili watu wasijue ni nini. Walifikiri wamefanya akili.

Hawakuwa wamefika mbali mzee mmoja aliposimama kando ya njia na kuvua kofia. Muuza nyanya alifanya ishara ya msalaba. Anaclet alitazama nyuma, halafu akatazama mkokoteni, ndipo alipoona kile ambacho watu walikuwa wanaona: kitu kirefu, chembamba, kimefunikwa kitenge, mwanaume nyuma yake, kimya, mwanamke mwenye macho mekundu. Emérence alikuwa amelilia cherehani yake tangu asubuhi.

"Ni mutoto?" mwanamke mmoja aliwauliza wasukuma mkokoteni.

"Sisi tunasukuma tu, maman."

Anaclet alifungua mdomo. Atasema nini, pale katikati ya barabara? Kwamba ni kofre? Kwamba nyumbani kwake kuna bunduki? Aliinamisha kichwa akafuata mkokoteni, na hilo likawa jibu. Maiti haiachwi ipite peke yake. Akina mama wawili walijiunga nyuma, wakaja wengine, na walipoanza kuteremka kuelekea Ibanda mmoja aliinua wimbo wa kanisani na wengine wakaupokea.

"Waambie," Emérence alinong'ona.

"Nitawaambia nyumbani."

Nyalukemba, mtaani kwao, habari ilikuwa imewatangulia. Mama Cibalonza, jirani yao, alikuwa amekwisha kuleta kuni, kama mtu anavyopeleka kuni kwenye nyumba ya kilio. Alipoona mkokoteni alijitupa chini.

"Yooo! Anaclet! Ni nani? Ni mutoto gani?"

Watoto wa Anaclet walitoka nje wote, wakasimama kwenye mlango. Mama Cibalonza aliwatazama mmoja mmoja, akawahesabu kwa kidole.

"Colombe huyu hapa. Wadogo hawa hapa. Sasa mulimuweka nani humu?"

Hapo Emérence hakuweza tena. Mtoto akililiwa yungali mzima, hiyo ni kumwita kifo. Alishika kitenge, akakivuta chote.

Wimbo ulikatika. Chuma kilisimama mbele ya watu wote, rangi ya majivu, na tundu dogo la ufunguo.

"Eh! Kofre!" kijana mmoja alisema.

"Anaclet iko na kofre?"

"Mutu hana hata viatu, ananunua kofre! Ya kuweka nini? Mavi?"

Watu walicheka, maana walikuwa wametembea mbali kulia bure.

"Wacheni kucheka," sauti nyingine ilisema. "Shemeji yake si anachimba dhahabu kule Mwenga?"

Kicheko kilipungua. Watu walianza kulitazama sanduku kwa namna nyingine.

Anaclet ni fundi wa kujenga. Alitoboa ukuta wa chumba cha kulala, akapitisha vyuma, akamimina saruji. Aliifanya vizuri kazi ile, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya vibaya. Aliingiza bunduki, akafunga, akapumua. Sasa amri imetimizwa.

Jumapili, baada ya misa, adjida wa jeshi alifika na askari wawili waliobeba mkeka uliokunjwa.

"Mbote, mwananchi. Nimesikia uko na kofre muzuri."

"Ndiyo, chef. Kufuatana na amri."

"Nani alisema umekosa? Fungua nione."

Anaclet alifungua. Adjida aliingiza mkono hadi begani, akapapasa kila pembe, akautoa.

"Dhahabu iko wapi?"

"Hakuna dhahabu, chef. Batu banasema tu."

"Bunduki moja! Nafasi yote hii, bunduki moja." Alitikisa kichwa kama mtu anayeona chakula kikimwagwa, kisha akawapa askari ishara.

Mkeka ulikunjuliwa juu ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na bunduki tatu za jeshi, zimepakwa mafuta. Mahali pa namba palikuwa pamekwanguliwa kwa tupa.

"Zitalala hapa kidogo," adjida alisema. "Kambini kuko wezi mingi."

Askari walicheka.

"Chef, nakuomba. Miye ni mutu wa kujenga nyumba. Niko na watoto."

"Na miye ni mutu wa kukulinda. Tusaidiane." Alizipanga mwenyewe, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. "Na ufunguo wa pili?"

Adjida alimgeukia Emérence, akanyoosha kiganja, akangoja. Emérence alifungua fundo kwenye pindo la kitenge, akautoa.

"Aksanti, maman. Sasa, papa, mutu akiuliza, kofre ni ya nani?"

Anaclet aligeukia sanduku ukutani.

"Ni ya nani?"

"Ni yangu, chef."

"Hivyo."

Walipokwenda, Emérence alisema, "Ing'oe. Tuitupe kwenye ziwa."

"Ukuta wote utaanguka. Nani hatasikia?"

"Basi twende kwa padiri."

"Padiri atamwambia nani?"

Wiki ile Anaclet hakwenda kazini. Hakuweza kuiacha nyumba, wala hakuweza kukaa ndani yake. Emérence aliwahamishia watoto sebuleni ili wasilale karibu na kile kitu.

Kisha asubuhi moja msako wa jeshi ulifika, na kapteni na watu wake hawakugonga mlango wowote ila wa Anaclet. Bunduki tatu zimepotea kambini, kapteni alisema, na raia wema wameonyesha nyumba yenye kofre. Adjida alikuwa nyuma yake, mikono mgongoni.

"Fungua."

"Chef, sina ufunguo."

"Nani anao?"

Anaclet alimtazama adjida. Adjida alikuwa anawatazama watoto kwa huruma, kama mgeni aliyewakuta wagonjwa.

"Yeye, chef. Funguo zote mbili."

Kapteni aligeuka. Adjida alicheka hadi akafuta machozi.

"Mon capitaine, mutu anaweka kofre kwake, kwenye chumba ya muke yake, na ufunguo niko nao miye?"

"Kofre ni ya nani?" kapteni aliuliza.

Emérence alijiziba mdomo kwa mkono.

"Ni yangu, chef. Lakini—"

"Muletee nyundo. Avunje mwenyewe."

Kapteni alikaa juu ya kitanda cha Anaclet, akawasha sigara. Wakampa Anaclet nyundo yake ya kazi na tindo yake. Alipiga. Chuma kililia, rangi ikadondoka, hakuna kingine. Nje majirani walikuwa wamejaa hadi kwenye dirisha.

"Piga," kapteni alisema.

Alipiga hadi viganja vikatoka damu. Aliposimama kupumua, askari alimsukuma kwa kitako cha bunduki, na akapiga tena, pale pale, karibu na kufuli, hadi pembe ya mlango ilipoanza kuinuka, kidogo kidogo, kama ukucha unaong'olewa.