Kibao cha Kaburini kwa Baba

...na bado anasugua, mama yangu, amechuchumaa kaburini kwa baba hapa nyuma ya nyumba, Vudee, majivu ya jikoni na mchanga kidogo, gunzi la muhindi mkononi, anakisugua kile kibao cha chuma kama anavyosugua sufuria zake, kila Jumamosi, ananiambia mwenyewe, tangu nilipokiweka mwaka juzi hajakosa hata moja, nami nimesimama na begi begani, hata maji sijanywa, naangalia chuma kimekuwa cheupe pee, jina la baba, Aminieli, hakuna, mwaka wa kuzaliwa hakuna... "Uchafu tu huu, Sifael," anasema, "jina lipo chini yake," chini wapi, Mama, hakuna chini, ile bluu ya herufi haikuwa rangi ya kupaka, ni leza, mapigo ya mwanga ya haraka kupita kupepesa jicho, yanachora mistari midogo kuliko vumbi, mwanga ukiigonga unarudi bluu, basi, ukiisugua ile mistari ikalala, bluu imekwisha, na hayo niliyajua, ndiyo kazi inayonilisha huko ng'ambo, lakini siku ya kuweka msalaba na kibao hiki, mbele ya mchungaji na ukoo mzima, nikasema nini, nikasema hapa hakuna tone la rangi, haitoki milele, mtu asugue atakavyo, mdomo wangu huu huu, na shangazi Dorkas akawa anainamisha kichwa huku na huku, bluu inageuka zambarau, akapiga kigelegele, nikavimba kichwa, pumbavu mimi... fundi Asheri, yule wa misalaba kule Same mjini, alinisihi nimwache kwanza achonge herufi kwa patasi, ziingie ndani, kisha hiyo bluu yangu ije juu, nikamcheka, nikamwambia mzee wangu, patasi kaiweke makumbusho, mtu wa umri wa baba, angechonga, leo kidole kingelisoma jina... na neno lenyewe lilikuwa moja, Mama, futa kwa kitambaa laini, kwa nini sikulisema, kwa sababu lingenipunguzia sifa, ndiyo hivyo, naona aibu mpaka masikio yanawaka... sasa anamwagia maji, anasogea pembeni kunipisha, "Nisomee wewe, mwanangu, macho yangu yameharibika," na anasimulia, huku anajifuta mikono kwenye kanga, kwamba alishashuka Same kupimwa macho, mara mbili, daktari kamwambia macho yake ni mazima kabisa, naye hakumwamini, maana Sifael alisema haitoki, na Sifael amesoma... Mungu wangu, amekataa macho yake akaniamini mimi... jina nalijua, nilitamke tu, Aminieli, atatabasamu, tuingie ndani tunywe chai, ulimi umeshaanza kulifuata... hapana, nitamwambia, Mama, macho yako mazima, mimi ndiye niliyekosa, wewe ulikuwa unamtunza mumeo, namwambia sasa hivi, begi limenikata bega sijalitua, maji yanachuruzika kwenye chuma, naye ameinamisha sikio, anangoja nisome.