Chini ya Klasisi

Siku tisa Numerio alikuwa akijifunza kusema uongo, na leo ndiyo siku ya kuusema. Mbele yake, kwenye Uwanja wa Marsi, mkuu wa sensa aliwaapisha akina baba wa Roma mmoja mmoja, kila mtu ataje mali yake apangiwe mahali pake. Aliyebainika mwongo alichapwa viboko, kisha akauzwa utumwani ng'ambo ya mto.

Zamani klasisi lilikuwa neno la kuita tu: baragumu linalia, watu wanakuja. Baadaye ikaonekana wa kuitwa kwanza ni wale wanaoweza kujinunulia deraya ya shaba, na neno likawaganda wenye mali. Wao ndio klasisi. Sisi wengine tukaitwa walio chini ya klasisi, na eti hiyo ni aibu! Aibu gani, nanyi mnajua safu ya mbele ni ya nani vita vikianza? Agripa, mwana mkubwa wa Numerio, alifia hapo na heshima zake zote. Amebaki Vopisko.

"Unaapa kwa moyo wako wote?" mkuu wa sensa alimuuliza Numerio.

"Naapa." Akataja nyumba, ng'ombe wawili na konde la mlimani. Shamba la bondeni, lililomweka kwenye klasisi miaka yote, akalimeza.

"Umeporomoka, mzee!" karani akamcheka. "Chini ya klasisi. Mwanao atakuwa wa kurusha mawe huko nyuma."

Vopisko, aliyesimama ubavuni pake, alifungua mdomo. Numerio akamkanyaga mguu kwa nguvu.

Hawajafika mbali, akaitwa Volero, jirani yao wa bondeni.

"Shamba lako la bondeni linapakana na nani?" karani aliuliza.

Numerio akasimama papo hapo. Siku tisa zote hakufikiria kwamba jirani naye ataulizwa mipaka. Volero alikuwa amesikia kila neno lake. Aligeuka, akamtazama, akatabasamu.

"Na mtu gani, bwana? Lote langu, mpaka mtoni."

Mwizi mkubwa we, Numerio aliwaza, huku akihema kwa nafuu. Shamba limekwenda, lakini mtoto amepona.

"Hongera, umepanda!" alisema karani. "Klasisi. Una mwana?"

"Ninaye mmoja," alijibu Volero. "Kaeso." Tamaa ya shamba ilikuwa imemsahaulisha mtoto na safu ya mbele. "Numerio, jirani yangu, hebu njoo. Kile kipande cha mtoni si chako kile? Waambie, nadhani nimekosea mpaka."

Watu wote wakageuka. Kaeso pia, kijana aliyekula nyumbani kwa Numerio tangu meno ya utotoni.

"Mzee," aliita mkuu wa sensa, "una shamba bondeni?"

Numerio akamshika Vopisko mkono.

"Sina," alisema. "Nimekwisha apa."