Barua ya Shukrani kwa Bi Solheim

Bernadine Roers hakuwa na tabia ya kufunga mlango wa ofisi, kwa hiyo mwanafunzi akiukuta umefungwa alijua kuna mtu analia ndani. Jumanne ile Janelle Kvamme alipoingia, Bernadine aliusukuma mlango kwa kisigino kabla hata ya salamu.

"Kaa. Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo wewe. Kuna supu kabatini. Haya, barua yangu iko wapi?"

Janelle alikaa bila kuvua koti. Nje ya dirisha theluji ya Machi ilikuwa imechakaa na kuwa kijivu, na ng'ambo ya barabara lundo la mwisho la viazi sukari lilisubiri malori ya kulipeleka kiwanda cha sukari likakamuliwe. Kila mwaka aligeuza uso alipoliona lundo lile, na mwaka huu, kwa kuwa lilikuwa mbele ya chuo, alilazimika kulitazama kila siku.

Watu wa mji ule wa Otter Bend waliamini kazi ya wakfu wa chuo, ofisi hii ya Bernadine ya kugawa fedha za wafadhili, ni kupiga picha za wazee wakikabidhi hundi. Hawakujua kwamba Bernadine ndiye aliyempigia fundi magari simu akamwambia amfungie binti wa watu tairi na bili ailete chuoni, wala kwamba buti zenye ncha ya chuma alizovaa Janelle karakanani zilitoka kwenye sanduku lililokuwa chini ya meza hii hii. Janelle alikuwa na miaka thelathini na mitatu na mtoto mmoja, alisomea ufundi wa mitambo ya viwandani, na bila ofisi hii angeshaacha masomo mara tatu. Yeye mwenyewe alijua hivyo, na hilo ndilo lililomfanya aone aibu zaidi.

"Nilikuandikia Novemba," Bernadine alisema. "Nikakuandikia Januari. Sikuombi kitabu, mama. Ukurasa mmoja. Mfadhili amekupa, nawe unasema asante. Bila barua siwezi kukutolea fungu la muhula huu, na Ijumaa ni chakula cha wafadhili. Ardis Solheim, mfadhili wako, atakaa upande wako wa kulia. Ananiuliza kila nikikutana naye dukani, 'Msichana wangu ameandika?' Nimwambie nini mimi?"

"Huwezi kunihamishia kwenye ufadhili mwingine?"

Bernadine alivua miwani. Alikuwa amefanya kazi ile miaka kumi na tisa na alijua swali la kweli akilisikia.

Janelle kupewa ufadhili huu hasa lilikuwa kosa la ofisi yake, japo hakuna aliyelifanya kwa kujua. Pale chuoni wanafunzi hujaza fomu moja kwa ufadhili wote, na ili asipendelewe mtoto wa fulani, Bernadine mwenyewe hufuta majina kwa wino mweusi na kuandika namba. Kamati ilisoma kwamba namba hamsini na mbili amewahi kufanya kazi katika kiwanda cha sukari na anataka kujifunza kutengeneza mitambo "ili isimuumize mtu". Kila mjumbe aliguswa. Wakampa Ufadhili wa Kumbukumbu ya Tanner Solheim, mwana wa Ardis aliyefia katika kiwanda hicho, wakarudi nyumbani wamefurahi kwamba wametenda haki.

"Nina mfuko wa dharura," Bernadine alisema taratibu. "Ukitia sahihi hapa, fungu lako litatoka huko. Ardis nitamwambia unaumwa. Siulizi sababu. Lakini ukitoka hapa na karatasi hiyo, habari ya Ardis imekwisha, hutamwona tena. Fikiria, kisha uniletee Ijumaa. Ama barua, ama hii."

Janelle alichukua karatasi, akaikunja mara nne. Bernadine akampa na supu mbili za kopo, maana hakuna aliyetoka ofisini mle mikono mitupu.

Miaka minne na ushee nyuma, mwezi wa Desemba, katikati ya msimu wa kukamua sukari, Janelle alikuwa zamu ya mchana kwenye mkanda wa kupandisha viazi. Binti yake Maren alikuwa na miaka saba, na saa nane mchana alikuwa aimbe wimbo wa Krismasi shuleni, amevaa mabawa ya kadibodi. Janelle alimwomba Tanner wa mkanda wa pili amshikie zamu. Tanner hakufikiri hata dakika moja. Alisema, "Nikopeshe kufuli lako basi, langu limefunga mashine ile pale na sijaimaliza."

Kiwandani kila mtu ana kufuli lake jekundu. Kabla hujaingiza mkono kwenye mashine, unazima umeme na kufunga swichi kwa kufuli lako, na ufunguo unakaa nawe, asije mtu akaiwasha ungali ndani. Janelle alilichomoa kufuli kwenye mkoba wa kiunoni likiwa limefungwa, akamtupia, akakimbilia gari.

Ufunguo aliukuta jioni kwenye mfuko wa koti, akitafuta leso ya kumfuta Maren pua. Hapo simu ilikuwa bado haijalia. Ilipolia, ilikuwa ni kusema kwamba mkanda ulikwama, msimamizi akapiga kelele, Tanner akapanda kuukwamua, na mtu akauwasha.

Ripoti ya kiwanda ilisomwa mbele ya wafanyakazi wote. Kufuli lilikutwa mfukoni mwa marehemu, halikutumika. Marehemu alizembea. Hakuna aliyekwenda kuangalia kama kuna kufuli jingine la Tanner linaning'inia kwenye mashine ya pili, kwa sababu kiwanda hakikuwa na haja ya kujua. Hakuna aliyemuuliza Janelle, naye hakusema. Wiki hiyo hiyo aliacha kazi. Ufunguo aliuweka pamoja na funguo za nyumba, na hakuutoa tena.

Jumatano aliandika barua tatu. Ya kwanza ilikuwa ya shukrani, nzuri, yenye adabu, na alipoisoma aliichana. Ya pili ilikuwa ya kweli lakini haikufika nusu. Ya tatu ilikuwa na tarehe tu.

"Mama, kwani kusema asante ni kazi?" Maren aliuliza akila mkate wake. Alikuwa sasa na miaka kumi na mmoja na mdomo wa mtu mzima.

"Inategemea unamwambia nani."

"Mwambie asante, weka nukta. Mwalimu wetu anasema barua ndefu ni za watu wenye makosa."

Janelle aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa alikwenda na karatasi ya Bernadine mfukoni, ameshaitia sahihi. Mpango wake ulikuwa kumkabidhi mlangoni na kuondoka. Lakini Bernadine alikuwa upande wa pili wa ukumbi wa michezo akigombana na kipaza sauti, na kati yao kulikuwa na meza ishirini zenye vitambaa vyeupe, na kwenye meza ya saba mwanamke mfupi mwenye sweta la buluu alikwishamwona anasoma kadi za majina.

"Wewe ndiye Janelle! Njoo, njoo hapa mwanangu. Mbona mwembamba hivyo? Chuo hakiwalishi?"

Ardis Solheim alikuwa mpishi wa shule ya msingi na alimpakulia kabla hajakaa: viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, maharagwe mabichi, na kipande cha keki ya karameli aliyoipika mwenyewe kwa kuwa hakuamini ya wengine. Alizungumza bila kupumzika. Alisema nyumba ina kimya kibaya siku hizi. Alisema kila kiangazi yeye na wanawake wa kanisani hukaanga chapati za maziwa na kuziuza siku nzima ili ufadhili wa Tanner usikauke. Kuhusu barua hakusema kitu, na Janelle angeona nafuu kama angegombezwa.

Kisha Ardis akafungua mkoba. Familia za wafu huja na picha, ndiyo desturi ya pale, na kwenye meza kadhaa picha zilikwishasimamishwa kati ya chumvi na pilipili. Ardis alisimamisha ya Tanner akicheka na samaki mkononi. Pembeni yake akaweka kufuli jekundu.

Janelle alilitambua kabla halijagusa kitambaa. Kulikuwa na mkwaruzo ubavuni, mahali alipoliangusha kwenye saruji mwaka wake wa kwanza.

"Hili huja nalo kila mwaka," Ardis alisema, na sauti yake ikashuka. "Kila mwanafunzi wa ufadhili wa Tanner namwonyesha. Lilikuwa mfukoni mwake. Mfukoni, unaelewa? Kiasi cha kunyoosha mkono tu. Sijui alikuwa anafikiri nini. Nilimlea awe mwangalifu, hata baiskeli alikuwa anaifunga mara mbili, lakini ndivyo ilivyokuwa, alizembea. Basi nawaambia, msiwe kama mwanangu. Litumieni. Nawe niahidi."

Aliyasema kama mtu anayerudia sala aliyoichoka. Janelle akaona jambo ambalo kwa miaka minne hakuwahi kuliona, maana siku zote alikuwa akitazama hatia yake mwenyewe. Huyu mama alikuwa anakaa na wageni, mwaka baada ya mwaka, akimshtaki mtoto wake. Na wa kumzuia alikuwa mmoja tu duniani.

"Hakuzembea," Janelle alisema.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Kufuli hili si lake. Ni langu. Nilimwomba anishikie zamu, binti yangu alikuwa anaimba shuleni. Nilimpa likiwa limefungwa, na ufunguo..." Alitoa funguo za nyumba, akaipanua pete ya funguo kwa kucha, akauweka ule mdogo juu ya kitambaa. "Ufunguo niliondoka nao. Asingeweza kulifungua. Lake lilikuwa kwenye mashine nyingine, alikuwa amefunga kama inavyotakiwa. Niliisikia ripoti ikisomwa nikanyamaza. Nisamehe. Sikuja kukuomba unisamehe, lakini nisamehe."

Meza ya jirani watu walicheka kitu. Ardis aliuchukua ufunguo, akauingiza, na kufuli likafunguka kwa mlio mdogo. Alilifunga. Akalifungua tena.

"Alikuwa amefunga ile nyingine," alisema.

"Ndiyo."

"Una hakika."

"Nililiona kwa macho yangu. Ndiyo sababu aliniomba langu."

Ardis aliziba mdomo kwa mkono na mabega yakaanza kumtikisika, bila sauti. Janelle hakujua kama anaruhusiwa kumgusa, na hakumgusa.

"Miaka minne," Ardis alisema alipoweza. "Miaka minne nimemsema mtoto wangu mbele za watu. Mezani, kanisani. Hata kaburini nimemgombeza." Alimgeukia Janelle, na macho yake yalikuwa mekundu na makali. "Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa mjini," Janelle alisema.

"Sijui nikufanyeje. Leo sijui. Nataka kukupiga kofi, na chakula chako kinapoa." Alijifuta kwa leso ya karatasi. "Alisema nini? Ulipomwomba."

"Alisema, 'Nenda kamwone malaika wako. Utaniletea keki.'"

Ardis alitikisa kichwa, akatikisa tena. Alikitazama kipande cha karameli kwenye sahani kama kwamba kilimsemesha.

Bernadine alikuwa amefika. Alisimama nyuma yao na orodha yake, akatazama kufuli, akawatazama wao. Zamu ya Ardis kusema kwenye kipaza sauti ilikuwa imefika. Ardis hakuinuka.

"Bernadine, nipe kalamu," alisema. "Na karatasi. Msichana wangu hajaniandikia barua yangu."

"Ardis, si lazima iwe leo..."

"Ni lazima." Akasogeza sahani ya Janelle kando, akaweka karatasi mahali pake. "Andika yote. Zamu, kufuli, mashine ile nyingine, ufunguo. Weka jina lako kamili na tarehe. Jumatatu naipeleka kiwandani, na wataisoma kwa sauti mbele ya watu wote kama walivyoisoma ile yao. Unaelewa hawatakuajiri tena pale?"

"Naelewa."

"Na hapa chuoni utamaliza. Hilo sikuulizi."

Janelle aliitoa mfukoni karatasi ya dharura yenye sahihi, akampa Bernadine. Bernadine aliichana vipande viwili na kuvitia mfukoni mwa koti lake. Kisha akaenda kuwaambia watu kwamba meza ya saba itasema baadaye.

Ardis alilifungua kufuli mara nyingine, akaliacha wazi mbele ya picha ya mwanawe. Janelle aliinama juu ya karatasi. Aliweka tarehe, kisha jina lake kamili.

*Mpendwa Bi Solheim,* aliandika. *Mwanao alikuwa mwangalifu.*