Moyo Unadunda

Tangu ugonjwa wa moyo ulipomlaza hospitalini, fundi cherehani aliogopa hata kuinama kuokota sindano. Daktari alimwagiza afanye mazoezi mepesi nyumbani kila siku, naye akaitikia kwa mdomo tu. Asubuhi moja wifi yake alikuja, akasogeza meza ya kukatia vitambaa ukutani, akaweka kiti katikati ya chumba.

"Simama, kisha ukae. Polepole, wifi yangu."

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Mara moyo ukaanza kumwenda mbio, jasho jembamba likamtoka. Akamng'ang'ania wifi yake mkono kama mfa maji.

"Unadunda! Nakufa, wifi!"

"Kifua kinauma? Pumzi inakata?"

Alijisikiliza. "Hapana. Unadunda tu."

"Basi uache udunde. Ukinyamaza ndipo tutakapopiga mayowe."

Kicheko kilimponyoka, kikachanganyika na machozi. Walingoja mpaka mapigo yakatulia. Hofu haikumtoka. Hata hivyo alivuta pumzi, akainuka tena, bila kuuachia mkono wa wifi yake.