Obuya Anakuja Kuezeka Nyumba

Asubuhi ile karani wa mradi aliingia na baiskeli yake, Phelesia alikuwa ndani ya nyumba anaziba paa na mwiko wa ugali. Mwanamke hapandi juu ya nyumba, hiyo inajulikana kutoka Macalder mpaka Homa Bay. Kwa hivyo yeye alikuwa anakunja karatasi ya mbolea, anaisukuma na mwiko kutoka chini mpaka inashika kwa nyasi. Maji ikipita hapo, anahamisha kitanda. Mwaka huo wa tisini na saba kitanda kilikuwa kimehama mara sita, na kilikuwa kimebaki na kona moja tu ya kwenda.

Karani aliitwa Mokaya, Mkisii wa Sabato, mtu mpole mwenye viatu safi. Alieleza kwamba mradi unapea kila nyumba ya nyasi pesa yenyewe, mkononi. Si mbuzi, si jembe, si semina. Mtu anunue anachotaka. Phelesia alimuuliza mara mbili kama kuna kitu watakuja kuchukua baadaye, kwa sababu watu sokoni walikuwa wanasema hiyo ni pesa ya waabudu shetani. Mokaya alisema hapana, ni ya kanisa fulani ng'ambo. Halafu akafungua fomu, akauliza hapa ni kwa nani.

"Hapa ni kwa Obuya," Phelesia alisema.

Hakuna mtu alikuwa anaita mahali hapo jina lingine. Mokaya akaandika Obuya kwa mstari wa mwenye nyumba, akamaliza uji, akashukuru, akaenda.

Obuya, mume wa Phelesia, alikuwa amekufa miaka minne. Shimo la dhahabu huko Macalder lilimwangukia na mwili haukupatikana, kwa hivyo wazee walizika tunda la mti wa yago, lile refu kama gogo, kwa kaburi lake, vile inafanywa mtu akikosekana. Phelesia alililia hilo tunda vizuri, siku zote zinazotakikana, kama mtu.

Jioni hiyo Cephas alikuja. Cephas ni mdogo wa Obuya, na alikuja amebeba kiti chake mwenyewe.

Alisema amesikia. Alisema jina lililoandikwa ni Obuya, na Obuya kwa sasa ni yeye. Alikumbusha Phelesia kwamba mjane ambaye hajarithiwa na ndugu ya mume hawezi kuweka paa mpya. Akiweka, chira, ile laana ya kuvunja mila, itamshika, akonde yeye na mtoto wake mpaka waishe. Afadhali yeye Cephas apokee hiyo pesa, ajenge, akae hapo, mambo yote iishe mara moja.

"Min Dorah, mimi sikulazimishi," alisema, yaani Mama Dorah. "Lakini mvua nayo haitakuuliza."

Cephas hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemlimia Phelesia shamba misimu miwili bila kuitisha hata chai. Lakini bibi yake mdogo alikuwa amezikwa Agosti, akiwa mwembamba kama fito, na kikohozi chake kilikuwa kimebaki kwa kifua cha Cephas. Phelesia alikisikiliza hicho kikohozi mpaka mwisho. Alifikiria Dorah, msichana wake wa pekee, ambaye alikuwa kidato cha kwanza Asumbi na hakuwa na mama mwingine wa akiba. Akasema atafikiria. Cephas akaenda, lakini kiti akakiacha, ndio kufikiria kwake kuwe na kitu cha kuangalia.

Siku ya pesa watu walikaa kwa nyasi nje ya kanisa, na Mokaya akawa anaita majina. Jina likiitwa mara tatu bila mtu, pesa inarudi. Aliposema Obuya, Phelesia alisimama. Mokaya akaangalia nyuma ya Phelesia, kwa heshima.

"Pole mama. Nangoja mwenyewe."

Akaita mara ya pili. Cephas akafunga vifungo vya koti, akaanza kuinuka. Akaita mara ya tatu, na Obuya akatokea kwa barabara ya Macalder.

Alikuwa na udongo mwekundu mpaka kwa nyusi, na tochi yake ya shimo mkononi, imezima. Watu walisonga kidogo apite. Alikuwa bado amekufa, hiyo ilionekana: hakuwa anapumua, na kuku mmoja alipita ndani ya mguu wake akatokea upande ule mwingine, akaendelea kudonoa. Mokaya alimwomba kitambulisho. Kilikuwa kwa mfuko wa shati, kwa sababu alizama nacho. Mokaya akalinganisha picha na uso, akamwomba apanguse paji kidogo, akaridhika. Wino haikuhitajika. Obuya aliweka kidole gumba kwa karatasi na udongo ukabaki. Alipopewa bahasha, ilipita katikati ya vidole vyake ikaanguka chini. Phelesia akaiokota. Mokaya akaandika kwamba Obuya amepokea.

"Umekuja," Cephas alisema.

"Niliitwa," Obuya akajibu, na Cephas akafungua vifungo vya koti.

Walirudi nyumbani wawili, Phelesia na mzee wake.

"Umechelewa," Phelesia alisema.

"Udongo ilikuwa mingi."

Alimpa habari. Dorah ni mrefu sasa, anafanana na shangazi yake, na ametumwa nyumbani karo mara mbili. Ng'ombe ile nyeusi ilikufa. Mama yake Obuya pia alikufa, mwaka jana, kwa amani.

"Huyo nimemuona," Obuya alisema. "Anakusalimia."

Kazi ya nyumba mpya ilianza wiki hiyo. Zubair, mwenye duka la vifaa Migori, alileta mabati na misumari kwa pikapu yake. Fundi alikuwa Maroa, Mkuria asiyeongea sana, na alikuwa amekataa kupiga hata msumari mmoja kama mwenye boma hayuko. Sasa mwenye boma alikuwa ameketi pale nje. Nguzo ya kwanza lazima mume ndiye anaisimamisha, lakini mkono wa Obuya haukuweza kuishika. Phelesia akaishika, na Obuya akaweka mkono wake mahali mkono wa Phelesia ulikuwa. Ulikuwa baridi kama mtungi. Walikaa hivyo mpaka Maroa akamaliza kushindilia udongo, na wakakaa hivyo kidogo tena baada ya hapo. Wazee wakasema hapo sawa.

Phelesia alichota maji, akakanyaga udongo, akachanganya mavi ya ng'ombe, akakandika kuta, akashika ngazi, akapitisha misumari. Kazi ya Obuya ilikuwa kuwepo. Aliifanya vizuri. Wapita njia walisimama wakamsifu vile anajenga haraka.

Usiku wa kwanza kwa nyumba mpya lazima mume alale hapo, na alilala. Phelesia alimfunika blanketi. Blanketi ililala chini kabisa, kama hakuna mtu, lakini alimfunika.

Halafu mvua ile kubwa ikaja, ile ya kubeba madaraja. Ilipiga mabati mpaka wakawa hawasikiani, na Phelesia akacheka peke yake katikati ya nyumba, kitanda kikiwa mahali anapenda. Pesa iliyobaki ililipa karo ya Dorah na ikanunua mbuzi wawili. Cephas alikuja kuchukua kiti chake. Phelesia alimpa pesa ya hospitali, imefungwa kwa kitambaa, na akamwambia asiichezee. Cephas akaipokea na mikono miwili, akamshukuru Obuya.

Karibu na Krismasi Obuya alisema amechoka. Aliita wazee akawaambia hii nyumba ni ya Min Dorah, pamoja na shamba lake, na kwamba yeye sasa anarudi. Wazee walisikiza vizuri. Walisema maneno yake ni mazuri, neno la mwenye boma halipingwi, na shamba litabaki kwa jina la Obuya vile lilivyo. Phelesia alimsindikiza mpaka njia panda. Walishikana mikono, kwa vile inawezekana.

Januari Mokaya alirudi na sehemu ya pili ya pesa.

"Mokaya, unanijua," Phelesia alimwambia. "Umekunywa uji wangu."

"Nakujua sana, mama. Lakini nikuandike wapi?"

Alimwonyesha fomu. Ilikuwa na mstari mmoja. Akaita mara tatu, na Obuya akatokea kwa barabara ya Macalder, polepole kuliko mara ya kwanza. Baada ya hapo hakurudi tena shimoni. Alisema mwendo ni mrefu, na kazi haionekani kama itaisha.

Kwa hivyo anakaa. Wakati wa mbegu wanaenda pamoja kuandikishwa. Walienda Migori kufungua kitabu cha akiba, Phelesia akaeleza karani wa huko kila kitu, na karani akamsikiliza mpaka mwisho, akamgeuzia Obuya kalamu. Wakirudi, Obuya anatangulia hatua mbili, kwa sababu hivyo ndivyo inatembewa, na Phelesia anafuata na unga kichwani. Mara moja moja anamwita asimame, amtoe udongo kwa kola na ncha ya leso. Udongo hautoki. Obuya husimama tu, ameinamisha shingo, mpaka yeye atosheke.

Watu wanaokutana nao wanamsalimia Obuya. Wanauliza habari ya mahindi, habari ya mbuzi, na kama bibi yake yuko salama.

"Muulizeni," Obuya anawaambia. "Ako hapa nyuma yangu."

Wanacheka. Wanasema Obuya hajabadilika hata kidogo, wanaenda zao.