Mgonjwa Mwenye Adabu

Mtongwe nzima ilikubaliana kwamba Mwanasaumu ana subira, na Mtongwe si watu wa kukubaliana. Bei ya samaki hawakubaliani, mwezi umeandama au haujaandama hawakubaliani, lakini kwa subira ya Mwanasaumu walikuwa kauli moja. Aliyeitangaza ni wifi yake, Mastura, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke ambaye ukimpa kipaza sauti, kitakachochoka mwanzo ni kipaza sauti.

"Tangu asubuhi hadi isha!" Mastura alikuwa akiwaambia wageni waliokuja kutoa pole. "Kidole tumbo kimepasuka ndani kwa ndani, na yeye kimya. Hakusema hata ah. Mimi nilikuwa ubavuni pake, nashuhudia."

"Mashallah," wageni walijibu, wakaweka machungwa yao juu ya machungwa ya waliowatangulia.

Mwenyewe Mwanasaumu alikaa mkekani, mto mgongoni, akisikiliza habari zake kama asikilizaye habari za mtu wa Lamu. Maana siku ile aliyoijua yeye haikuwa na mashallah nyingi hivyo.

Maumivu yalimshika baada ya chai ya asubuhi, yakamkunja kama jamvi. Mumewe, Suleiman, alikuwa kazini bandarini. Aliyekuwa karibu ni Mastura. Na Mastura, badala ya kuita tuktuk, akaita maji ya kuoga. "Utatokaje mbele za watu hivyo, wifi? Watasema kwa kaka yangu hakuna sabuni." Akamwogesha, akamvika buibui la sikukuu, akampaka wanja, akamfukiza udi mpaka paka akahama nyumba. Mwanasaumu, meno yameshikana, alinyoosha mikono aingizwe nguo. Ndivyo walivyolelewa: mtu hendi kwa watu kama aliyefukuzwa na moto, hata kama moto wenyewe uko tumboni mwake.

Hospitali waliyokwenda, jina lake tuliache lipumzike, lenyewe limeshachoka. Mlangoni pa wagonjwa wa dharura aliketi muuguzi mmoja wa bara, macho mekundu kwa zamu ndefu, kazi yake kuamua nani anakufa sasa na nani anaweza kufa baadaye. Aliuliza bila kuinua uso, "Habari yako, mama?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Nzuri, dadangu," alisema Mwanasaumu. "Sijui zako? Kwema nyumbani? Watoto hawajambo? Poleni na kazi, wallahi mna kazi ngumu."

Muuguzi akainua uso. Tangu aletwe Mombasa hakuna aliyewahi kumuuliza habari za watoto. Akamtazama mwanamke huyu aliyepakwa wanja, anayenukia kama bibi harusi, akatabasamu. "Shida ni nini?"

"Tumbo lanisumbua kidogo."

Kidogo! Ungemsikia, ungedhani amekula embe bichi. Lakini angesemaje? Kumtupia mtu mzigo wako wote kabla hamjajuana ni ukosefu wa malezi. Muuguzi, ambaye malezi yake yalikuwa ya kwao na si ya Mtongwe, alimfunga utepe wa kijani mkononi. Kijani ni rangi ya wasiokuwa na haraka.

"Keti pale, mama. Leo angalau nimepata mgonjwa mwenye adabu."

Mgonjwa mwenye adabu akaketi. Nyuma yake akaingia fundi mmoja wa Changamwe aliyejigonga kidole gumba kwa nyundo, akipiga yowe: "Nakufa! Mamangu, nakufa!" Huyo alikimbizwa ndani kwa kitanda cha magurudumu, kidole kimenyooshwa mbele kama mshumaa. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Jasho lilichora mito ya wanja mashavuni mwa Mwanasaumu, na kila alipofungua mdomo Mastura alimbana kiganja: "Subiri, wifi. Watu wanatazama."

Karibu na magharibi maumivu yakakatika ghafla, kama umeme. Muuguzi akapita, akauliza, naye akajibu kwa furaha ya kweli, "Afadhali sasa, alhamdulillah." Ile afadhali, kama daktari alivyokuja kumweleza baada ya kumpasua, ndiyo iliyokuwa dakika kidole tumbo kilipopasuka. Maumivu yakarudi na ndugu zake. Saa ya isha alianguka kutoka kitini, na hata kuanguka alianguka vizuri, buibui halikupanda juu ya kifundo. Ndipo akapata kitanda.

Basi akarudi nyumbani, kidonda kikafunga, nyuzi zikatolewa. Daktari akasema amepona, Suleiman akasema amepona, na Mwanasaumu hakuona kuwa ni adabu kuwabishia.

Ila kulikuwa na vijambo. Akiteleka maharagwe, hakuweza kuyangoja yaive. Moyo ulimwenda mbio, akayaepua yakiwa magumu kama kokoto, na Suleiman akayatafuna kwa imani. Siku alipotaka kuvuka kwenda mjini, lango la feri likafungwa mbele yake, abiria wakaambiwa wangoje inayofuata. Watu wakatoa simu zao wakaanza kuzichezea. Yeye akageuka, akarudi Mtongwe kwa miguu na jua lile, akasema amesahau mwavuli. Na kilio kilikuwapo. Alikisikia kimekaa kooni kama mfupa wa samaki, hakishuki, hakitoki. Alikuwa akiingia bafuni, akifungulia maji yavume, akiufungua mdomo wote. Hakuna. Anaufunga tena, anaoga, anatoka.

"Una nini?" Suleiman alimuuliza siku alipotupa sahani ukutani kwa sababu tu ameambiwa "ngoja nimalize simu."

"Sina kitu."

"Basi alhamdulillah," alisema Suleiman, mtu mwema mwenye kuamini kila anachoambiwa, akainama kuokota vigae.

Jirani yao Ruth, mzaliwa wa Rabai, ndiye pekee ambaye hakuwa amesema mashallah, na si kwa sababu ya dini. "Saumu," alimwambia wakichagua mchele uani, "wewe siku ya kufa utawaomba radhi wachimba kaburi kwa kuwachosha."

"Toka hapa, Ruth."

"Wallahi vile." Ruth alipenda kuapa kwa viapo vya jirani, vyake akaviweka akiba. "Kwetu mtu akiumwa hupiga kelele mpaka mbuzi wa kijiji cha pili wakaacha kula. Wewe ulishikwa na nini?"

Mwanasaumu aliokota chuya, akaitupa. "Nilikuwa naona haya."

"Na sasa?"

"Sasa nimechelewa. Nitapigaje kelele leo? Wataniuliza nini kimeniuma, nami sina hata jipu la kuwaonyesha."

Ruth akausogeza ungo wake karibu na wa mwenzake. Wakaendelea kuchagua mchele.

Mastura naye alikuwa na lake. Aliamua yasomwe maulidi ya shukrani, lipikwe pilau, aalikwe Ustadha Nasreen atoe mawaidha ya subira, na Mwanasaumu mwenyewe aseme machache. "Uwe mfano," alisema. "Wasichana wa siku hizi wakichomwa na mwiba tu, wanajipiga picha."

"Wifi, mimi sina la kusema."

"La kusema nitakupa mimi. Sema ulikuwa ukivuta uradi moyoni, ukimtaja Mungu. Kwani uongo?"

Ulikuwa uongo, lakini Mwanasaumu alisema, "Inshallah," neno ambalo limewaokoa watu wengi wa Pwani na kusema hapana.

Siku ikafika. Mastura akaja na wanja, na buibui lile la sikukuu limepigwa pasi, na chetezo mkononi. Moshi wa udi ulipomfikia Mwanasaumu, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Usinifukize, wifi. Nakuomba."

"Watasema nini wakikuona mkavu hivyo?"

"Nakuomba, Mastura."

"Kidogo tu," alisema Mastura, akamfukiza.

Sebule ilijaa kina mama, bega kwa bega mikekani. Wanaume walikaa nje, chini ya turubai. Ruth alikuwa uani akilisimamia sufuria la pilau, kwa kuwa Mastura alimwamini kwa mkono wake kuliko kwa ulimi wake. Maulidi yakasomwa, kisha Ustadha Nasreen akashika mazungumzo. Alikuwa msichana mwenye elimu na sauti laini. Alisema Mungu yu pamoja na wenye kusubiri, jambo ambalo ni kweli. Na kwamba mfano wake usitafutwe mbali, uko hapa mbele yao, umejifunga mtandio wa zambarau.

"Hebu, dada Mwanasaumu. Pale kitini, saa zote zile, moyoni ulikuwa ukisema nini?"

Mastura alimtikisia kichwa kumpa moyo. Midomo yake mwenyewe ilikuwa tayari inasogea: uradi, uradi.

Mwanasaumu akasafisha koo. "Nilikuwa namtukana yule mtu mwenye kidole gumba."

Wakacheka, kicheko kizuri cha watu walioanza kusikia harufu ya nyama.

"Matusi gani?" akachokoza mmoja.

"Yote niyajuayo. Yalipokwisha nikayatunga mengine. Kisha nikaanza kuomba."

"Ehee," alisema Mastura, akipumua.

"Nikaomba afe. Afe upesi, nipewe zamu yake."

Kicheko kikakatika. Kina mama wakatazamana. Ustadha Nasreen akashusha macho kwenye mkeka, kana kwamba jibu la hilo limesukwa humo. Mwanasaumu alijua kinachofuata: aseme astaghfirullah, watu wapumue, pilau liletwe. Akafungua mdomo aiseme, na kilichotoka hakikuwa hiyo.

Ilikuwa kelele. Ilianzia chini, penye kovu, ikapanda, ikautoa ule mfupa kooni ikapita nao. Ilitoka ndefu, mbichi, haikumuuliza mtu hali wala haikuomba radhi. Kunguru waliokuwa paani wakaruka. Wanaume nje wakasimama na vikombe vyao. Pumzi ilipomwishia, alivuta nyingine, akaendelea pale alipoachia.

Na hapo ndipo Mtongwe ilipoonyesha uwezo wake. Kabla kelele ya pili haijafika katikati, Mwanasaumu alikuwa ameshikwa mikono yote miwili, anapepewa kwa leso, ameshawekewa kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Mmoja anamsomea, mwingine anamvua viatu ambavyo hakuvaa. Ruth aliingia na mwiko mkononi, unatona mchuzi. Tuktuk zilikuwa zimeshapangana mlangoni, madereva wanagombania nani ampakie. Hakuna aliyemtaka ajieleze. Hakuna aliyemtazama nguo.

"Mpelekeni hospitali! Mpelekeni haraka!"

"Siendi," alisema Mwanasaumu katikati ya kwikwi. "Siumwi."

"Huumwi?" Mastura alimshika mabega. "Basi kelele zote hizi ni za nini?"

"Za siku ile, wifi. Sikuzipiga."

Mastura alimtazama. Wanja aliompaka kwa mkono wake ulikuwa umeshafika kidevuni. Akatafuta neno, yeye ambaye maneno ndiyo humtafuta, akakosa. Akajiachia chini kwa kishindo, akaanza naye: "Ole wangu! Ni mimi! Ni mimi niliyemwogesha!" Na kwa kuwa alijaliwa kifua kipana na mazoezi ya miaka, kelele zake zilianza kuzifunika za mwenye kelele. Leso za kupepea nazo, moja baada ya nyingine, zikaanza kuhamia upande wake.

"Wifi," alisema Mwanasaumu, akifuta pua kwa mkono wa buibui la sikukuu, "hebu wewe ngoja kwanza. Mimi ndiye niliyetangulia."

Mastura akanyamaza ghafla, kwikwi imemkwama njiani. Leso zikarudi.

Ndipo Suleiman alipoingia, amejifunika macho kwa kiganja, kama impasavyo mwanamume penye wanawake, akajikwaa kwenye mguu wa Ustadha. "Jamani! Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki," Ruth alimjibu. "Ndiyo maana analia."

Suleiman alitanua vidole viwili, akachungulia. Alimwona mkewe, uso mweusi kwa wanja, mtandio umelegea, mdomo wazi. Hakuwahi kumwona hivyo, hata wodini. "Nifanye nini?" aliuliza, na hakuna aliyejua anamuuliza nani.

"Njoo ukae," alisema Mwanasaumu.

"Hapa? Katikati ya kina mama?"

"Hapa."

Kina mama wakasogea, wakimlaani kidogo, wakamwachia nafasi. Akaketi, magoti yamebanana, akivitazama vidole vya miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza avione. Mwanasaumu akamwegemezea kichwa begani, mbele za watu, mchana kweupe, akaendelea kulia; sasa polepole, kwa nafasi, kama mwenye kujua hakuna atakayemfukuza. Harufu ya pilau linaloungua ilianza kuingia kutoka uani, na hakuna aliyeinuka. Suleiman hakumwambia nyamaza. Pengine ni haya tu iliyomziba mdomo. Mwanasaumu hakujali umezibwa na nini, mradi umezibwa.